KUPIMA KABLA YA KUPANDISHA: SOMO LA URITHI KUTOKA KWA MBWA WA KONGO

Mfugaji achaguapo dume na jike wa kuzalisha huanza kwa kutazama. Hutazama umbo, mwendo, meno, manyoya na tabia. Utazamaji huo una thamani yake, kwani kwa maelfu ya miaka ndio uliompatia binadamu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda. Hata hivyo, jicho lina mpaka wake. Mnyama aweza kuonekana mzima kabisa, na wakati huohuo akawa amebeba katika seli zake jeni itakayowadhuru watoto wake. Aweza pia kuwa na maradhi ya kurithi ambayo hayajitokezi mpaka awe amekwisha kuzaa mara kadhaa. Kwa sababu hizo, upimaji wa afya kabla ya kupandisha umekuwa sehemu ya wajibu wa kila mzalishaji anayestahili jina hilo.

Makala haya yanaeleza kanuni za upimaji huo kwa kufuata historia ya mbari moja ya mbwa, yaani basenji wa Kongo. Mfano huu unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, mbari hii ina asili ya Afrika, na magonjwa yake mawili makubwa ya kurithi yamechunguzwa kwa undani. Pili, historia yake inaonyesha faida ya upimaji pamoja na hatari ya kuutumia bila kufikiri mbali.

Mbwa wa Kongo na safari yake

Basenji ni mbwa mdogo, mwenye kimo cha takribani sentimita 40 begani na uzito wa takribani kilo 10. Masikio yake husimama, paji lake lina makunyanzi, na mkia wake umejikunja juu ya kiuno. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti ya kupanda na kushuka inayokaribia kuwa wimbo. Jike wake kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali majike wa mbari nyingi hupata mara mbili. Katika misitu ya Kongo na kusini mwa Sudan wenyeji wamemtumia tangu zamani kwa kuwinda, na humfunga njuga shingoni ili wajue aliko.

Jina lake lina asili ya lugha za Kongo. Katika Kilingala, basenji ni watu wa porini, na msomaji wa Kiswahili hatakosa kuona undugu wa neno hilo na neno “washenzi”. Hivyo mbwa ambaye leo huuzwa kwa bei kubwa ng’ambo ana jina lile lile ambalo katika miji ya Afrika Mashariki hupewa mbwa wa mitaani asiye na nasaba, yaani “mbwa wa kishenzi”.

Mbwa wa namna hii walifikishwa Uingereza mwaka 1895 na kuonyeshwa katika maonyesho ya Crufts, lakini walikufa upesi kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1936 mfugaji Mwingereza, Olivia Burn, alifanikiwa kuwaleta wengine kutoka Kongo, na mwaka 1937 walionyeshwa Crufts kwa jina la basenji. Mwaka 1943 chama cha American Kennel Club kiliitambua mbari hii nchini Marekani. Jike mmoja aitwaye Fula, aliyechukuliwa na Veronica Tudor-Williams kutoka kusini mwa Sudan mwaka 1959, ameingia katika nasaba nyingi mno za basenji wa ng’ambo.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Basenji wote wa Ulaya na Amerika wa miaka hiyo walitokana na wazazi wachache waliotolewa Afrika. Baada ya hapo daftari la nasaba lilifungwa: mbwa hakuweza kuandikishwa kuwa basenji isipokuwa baba na mama yake wawe wameandikwa humo. Mwanafunzi akumbuke kwamba kila mnyama, awe mbwa au binadamu, hubeba jeni kadhaa zenye kasoro zisizojionyesha. Wazazi wakiwa maelfu, jeni hizo hutawanyika na ni nadra kukutana. Wazazi wakiwa wachache, vizazi vyao hulazimika kuoana wao kwa wao, na jeni yenye kasoro iliyokuwa kwa babu mmoja hukutana na nakala yake yenyewe katika tumbo la kilembwe.

Ugonjwa wa kwanza: upungufu wa damu

Katika miaka ya 1960 wafugaji wa basenji waliona vitoto vilivyodhoofu, vyenye ufizi mweupe na visivyostahimili kukimbia. Wengi wa mbwa hao hawakufikisha umri wa miaka mitano. Mwaka 1971 watafiti walichapisha maelezo ya chanzo chake: chembe nyekundu za damu zilikosa kimeng’enya kiitwacho piruveti kinasi.

Ili kuelewa madhara ya upungufu huo, inafaa kukumbuka kwamba chembe nyekundu ya mamalia iliyokomaa haina kiini wala mitokondria. Haiwezi basi kupata nguvu kwa kuunguza chakula kwa oksijeni kama seli nyingine. Hutegemea njia moja tu, nayo ni kuvunja glukosi hatua kwa hatua bila oksijeni. Piruveti kinasi hufanya kazi katika hatua ya mwisho ya njia hiyo, ambapo nguvu huhifadhiwa katika molekuli za ATP. Kimeng’enya hicho kikikosekana, chembe hukosa nguvu ya kutunza utando wake, hufa mapema mno, na wengu huziondoa katika damu. Uboho wa mifupa hujitahidi kutengeneza chembe mpya usiku na mchana, lakini hatimaye huchoka na nafasi yake kushikwa na nyuzinyuzi. Madini ya chuma yatokanayo na chembe zilizokufa nayo hurundikana katika ini na kuliharibu.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa kanuni iliyogunduliwa na Gregor Mendel katika majaribio yake ya njegere, ambayo yalichapishwa mwaka 1866. Kila mbwa ana nakala mbili za jeni inayohusika, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Jeni nzima na itajwe kwa herufi K, na jeni yenye kasoro kwa herufi k. Mbwa wa KK ni salama. Mbwa wa kk ni mgonjwa. Mbwa wa Kk ana afya njema, kwa kuwa nakala moja nzima yatosha kutengeneza kimeng’enya cha kumwezesha kuishi. Lakini aweza kumrithisha mtoto wake ile nakala nyingine. Mbwa huyo wa Kk huitwa mbebaji, na jeni k, ambayo athari yake hufunikwa na mwenzake, huitwa jeni fichwa.

Wabebaji wawili wakipandishwa, matarajio ni haya: katika kila vitoto vinne, kimoja KK, viwili Kk, na kimoja kk. Mbebaji akipandishwa na mbwa wa KK, nusu ya vitoto vitakuwa KK na nusu Kk. Hapatakuwa na mgonjwa hata mmoja. Tofauti hii kati ya ndoa ya kwanza na ya pili ndiyo msingi wa mambo yote yatakayofuata.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaijua kanuni hii kutokana na ugonjwa wa selimundu kwa binadamu. Mtoto mwenye selimundu hupata jeni moja yenye kasoro kutoka kwa kila mzazi, na mara nyingi wazazi wote wawili ni watu wenye afya wasiojua kwamba wanaibeba.

Kwa nini jicho halitoshi: hesabu ya jeni fichwa

Mzalishaji asiyepima huweza kusema: “Dume wangu amezaa vitoto sita na jike aliyejulikana kuwa mbebaji, navyo vyote ni vizima, basi dume wangu ni salama.” Hoja hii inaonekana kuwa na nguvu, lakini hesabu yaipinga. Ikiwa dume huyo ni mbebaji, nafasi ya kila kitoto kuwa kizima ni 3/4. Nafasi ya vitoto vyote sita kuwa vizima ni 3/4 ikizidishwa yenyewe mara sita, yaani takribani 0.18. Maana yake ni kwamba katika madume 100 wabebaji watakaojaribiwa hivyo, 18 watapita bila kugundulika. Ili kupunguza kosa hilo hadi chini ya 5 kwa 100, vitahitajika vitoto 11 vizima. Ili kulifikisha kwenye 1 kwa 100, vitahitajika vitoto 16. Basenji huzaa takribani vitoto vinne hadi sita, tena mara moja kwa mwaka. Jaribio hilo lingechukua miaka, na lingezaa wagonjwa kwa makusudi.

Hesabu ya pili ni ile iliyoelezwa mwaka 1908 na Mwingereza G. H. Hardy na Mjerumani Wilhelm Weinberg, kila mmoja kwa upande wake. Tuseme katika mbari fulani mbwa mmoja kati ya 100 ni mgonjwa. Nafasi ya kk ni 0.01. Kwa kuwa mgonjwa hupata k mara mbili, wingi wa jeni k katika mbari yote ni kipeuo cha pili cha 0.01, yaani 0.1, na wingi wa K ni 0.9. Wabebaji ni 2 × 0.9 × 0.1, ambayo ni 0.18. Kwa hiyo, kwa kila mgonjwa mmoja anayeonekana, wapo wabebaji 18 wasioonekana. Kanuni hii huchukulia kwamba wanyama hupandana bila kuchaguliwa, jambo ambalo si kweli kabisa kwa mbwa wa daftari. Lakini inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mzalishaji anayewaondoa wagonjwa tu huacha sehemu kubwa ya jeni zenye kasoro ziendelee kupita kizazi hadi kizazi.

Hapo ndipo maabara ilipoingia. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba wabebaji, ijapokuwa wana afya, wana takribani nusu tu ya utendaji wa kawaida wa piruveti kinasi katika chembe nyekundu. Wafugaji walianza kupeleka damu ya mbwa wao ipimwe. Kipimo hicho kilihitaji damu mbichi, na mpaka baina ya mbebaji na asiyebeba haukuwa dhahiri kila mara. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mzalishaji aliweza kumjua mbebaji kabla ya kumpandisha. Mnamo miaka ya 1990 kasoro yenyewe ilitambuliwa: herufi moja tu ya DNA imepotea katika jeni hiyo, na kwa kupotea kwake maelekezo yote yanayofuata yamevurugika. Tangu wakati huo kipimo cha DNA kimeweza kutenganisha KK, Kk na kk pasipo shaka.

Ugonjwa wa pili: figo

Wafugaji wa miaka ya 1970 waliupiga vita upungufu wa damu kwa bidii. Wengi waliwaondoa wabebaji wote katika uzalishaji, wakategemea madume yaliyopimwa na kuonekana salama. Matokeo yake yalikuwa mema kwa upande mmoja, kwani ugonjwa wenyewe ulipungua sana. Lakini mbari iliyokwisha kuwa na wazazi wachache ilizidi kupungukiwa. Kila mbebaji aliyeondolewa aliondoka na jeni zake nyingine zote, zikiwamo nyingi zilizo njema. Na dume aliyepimwa salama kwa ugonjwa mmoja hakuwa lazima awe salama kwa mwingine ambao haukuwa na kipimo.

Mwaka 1976 ilichapishwa taarifa ya basenji watatu waliotoa sukari katika mkojo. Ugonjwa wao ulikuwa ule uitwao Fanconi, kwa jina la daktari wa watoto wa Uswisi, Guido Fanconi. Katika figo nzima, damu huchujwa, kisha mirija midogo hurudisha mwilini vitu vyenye manufaa: glukosi, asidi amino, fosfati, bikaboneti na chumvichumvi nyingine. Katika ugonjwa wa Fanconi mirija hiyo hushindwa kurudisha, na vitu hivyo hupotea pamoja na mkojo. Mbwa hunywa maji mengi, hukojoa sana na kukonda. Mtu asiyejua aweza kudhani ni kisukari, kwa sababu mkojo una sukari. Lakini katika kisukari sukari ya damu huwa imepanda, na katika Fanconi sukari ya damu huwa ya kawaida. Hii ndiyo sababu daktari wa mifugo hupima vyote viwili.

Fanconi ya basenji nayo hurithiwa kwa jeni fichwa. Hata hivyo, inatofautiana na ugonjwa wa kwanza katika jambo moja lenye uzito mkubwa: mara nyingi dalili zake huanza mbwa anapokuwa na umri wa kati ya miaka minne na minane. Na afikiriwe jike mwenye jeni mbili zenye kasoro, anayezaa kila mwaka tangu umri wa miaka miwili hadi mitano, vitoto vitano kila mara. Kabla hajaonyesha dalili yoyote atakuwa ameacha vitoto 20. Hata kama madume wote aliopandishwa nao walikuwa salama, vitoto vyote 20 vitakuwa wabebaji bila kukosa, kwa kuwa mama yao hana jeni nzima ya kuwapa.

Kwa miaka mingi silaha pekee ilikuwa ukanda mdogo wa karatasi unaochovywa katika mkojo na kubadilika rangi ukikuta sukari. Wafugaji makini waliutumia kila mwezi. Ukanda huo uliokoa maisha ya mbwa wengi, kwa sababu mgonjwa akigundulika mapema na kupewa bikaboneti na madini anayopoteza huweza kuishi miaka mingi, ingawa haponi. Lakini haukuweza kumtambua mbebaji, wala kumwonya mzalishaji kabla dalili hazijaanza.

Kipimo cha kwanza cha nasaba kilitolewa mwaka 2007 kutokana na kazi ya maabara ya Gary Johnson katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani. Hicho hakikuisoma jeni yenyewe, bali alama za DNA zilizo jirani nayo katika kromosomu. Ni kama kuitambua nyumba ya mtu kwa nyumba ya jirani yake: mara nyingi utafika, lakini jirani akihama utapotea. Mwaka 2011 kasoro yenyewe ilipatikana. Kipande cha DNA kimekosekana katika jeni iitwayo FAN1, na kipimo kilichofuata kinasoma mahali hapohapo. Tangu taarifa ya mwaka 1976 hadi kipimo cha 2007 ilipita miaka 31. Katika muda huo wote wafugaji waaminifu walizalisha mbwa bila njia ya kujua nani amebeba nini.

Kufungua daftari

Wafugaji kadhaa wa Marekani walitambua kwamba kasoro ya msingi ilikuwa uchache wa wazazi. Mwaka 1987 na tena mwaka 1988 walisafiri hadi kaskazini-mashariki mwa Zaire, nchi ambayo tangu 1997 inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko walipata mbwa wa vijijini wenye umbo la basenji, wakawachukua. Mwaka 1990 American Kennel Club ilikubali kulifungua daftari lake na kuwaandikisha baadhi yao. Pamoja na jeni mpya, mbwa hao waliingiza pia rangi ya milia, ambayo haikuwamo katika mbari hiyo nchini Marekani.

Tukio hili lina fundisho kwa wanafunzi wa Afrika. Afya ya mbwa wenye vyeti ng’ambo ilihitaji kuimarishwa kwa mbwa wa kijijini asiye na cheti chochote. Wingi na utofauti wa wanyama wa kienyeji, wawe mbwa, ng’ombe au kuku, ni akiba ambayo maabara haiwezi kuitengeneza ikishapotea.

Mbebaji afanywe nini?

Swali hili ndilo kiini cha uzalishaji wenye wajibu. Jibu la haraka ni kumwondoa mbebaji. Historia ya basenji inaonyesha kwamba jibu hilo laweza kuwa kosa, hasa pale wabebaji wanapokuwa wengi katika mbari ndogo.

Jibu bora linatokana na ile tofauti ya ndoa mbili iliyoelezwa hapo juu. Mbebaji mwenye sifa njema hupandishwa na mbwa wa KK tu. Hapatazaliwa mgonjwa hata mmoja. Vitoto hupimwa, na katika vile vinavyofaa kwa kuzaa huchaguliwa vya KK. Baada ya kizazi kimoja au viwili ukoo huo huwa umesafika, na jeni njema za mbebaji zimebaki. Kwa njia hiyo kipimo hakitumiwi kama panga la kufyeka, bali kama taa ya kuonyesha njia. Jambo lisiloruhusiwa ni kupandisha mbebaji na mbebaji, au kupandisha mbwa wawili ambao hali zao hazijulikani wakati kipimo kipo.

Vilevile inafaa kuepuka kumtumia dume mmoja kupita kiasi. Dume akizaa sehemu kubwa ya kizazi kimoja, wajukuu wake watakutana katika kizazi cha tatu au cha nne, na jeni yake fichwa isiyojulikana itajidhihirisha kwa mara ya kwanza katika mamia ya nyumba.

Aina nne za vipimo

Yaliyoelezwa hapo juu yanahusu jeni mojamoja. Upimaji kamili kabla ya kupandisha una sehemu nne.

Kwanza, uchunguzi wa jumla wa daktari wa mifugo: moyo, meno, macho, ngozi, uzito, minyoo, na hakikisho la chanjo, hasa ile ya kichaa cha mbwa.

Pili, vipimo vya viungo. Ugonjwa wa nyonga, ambao huwapata sana mbwa wakubwa kama jamii ya German Shepherd watumikao katika ulinzi, hautokani na jeni moja. Hutokana na jeni nyingi pamoja na lishe, uzito na kasi ya kukua. Kwa hiyo nyonga hupigwa picha ya eksirei. Taasisi ya Orthopedic Foundation for Animals, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1966, hutoa cheti cha nyonga kwa mbwa aliyetimiza miezi 24, kwani kabla ya umri huo kasoro yaweza kuwa haijakamilika kuonekana.

Tatu, vipimo vya DNA, ambavyo hufanywa kwa damu kidogo au kwa seli zilizopanguswa shavuni kwa ndani. Vipimo hivi vyaweza kufanywa hata kwa kitoto, kwa kuwa jeni hazibadiliki kwa umri. Lakini kila kipimo hujibu swali moja tu. Cheti cha KK kwa ugonjwa wa damu hakisemi lolote kuhusu figo.

Nne, vipimo vya maambukizo. Bakteria wa Brucella canis, waliotambuliwa Marekani mwaka 1966, huambukizwa kwa kupandana na kwa majimaji ya uzazi. Huharibu mimba na kuwafanya madume kuwa tasa, na huweza kumwambukiza binadamu pia. Dume na jike wote wawili hupimwa damu kabla ya kukutanishwa.

Ukweli wa matokeo

Kipimo kilichofichwa kabatini hakimsaidii mtu. Mzalishaji anayepata jibu baya na kulinyamazia huwaponza wenzake wote wanaotumia damu ya mbwa wake. Kwa sababu hiyo taasisi zenye kumbukumbu za matokeo, kama ile iliyotajwa hapo juu, huwahimiza wenye mbwa kutoa idhini ili hata matokeo mabaya yatangazwe. Mnunuzi naye ana wajibu wake. Kabla ya kulipa fedha na aulize: wazazi wamepimwa nini, lini, na cheti kiko wapi? Mbwa mgonjwa wa damu huishi miaka michache ya udhaifu. Mwenye kumlea hulipa gharama za tiba, kisha humzika. Yote hayo yangezuiwa kwa tone la damu lililochukuliwa kwa wazazi kabla hawajakutana.

Zoezi la darasani

Mwalimu achukue makopo mawili. Katika kila kopo atie maharage meupe 20 (K) na mekundu 20 (k). Kila kopo ni mzazi mbebaji. Mwanafunzi achukue harage moja kutoka kila kopo bila kutazama, aandike jozi iliyopatikana, kisha ayarudishe. Jambo hilo lirudiwe mara 100. Matokeo yalinganishwe na matarajio ya KK 25, Kk 50 na kk 25. Baadaye kopo moja litiwe maharage meupe matupu, na zoezi lirudiwe. Wanafunzi waeleze kwa nini sasa hakuna kk.

Kwa zoezi la pili, kopo moja litiwe maharage meupe 36 na mekundu 4. Wanafunzi watoe maharage sita tu, ambayo ndiyo “waanzilishi” wa mbari mpya. Kila kundi lihesabu wingi wa rangi nyekundu miongoni mwa hayo sita na kuulinganisha na wingi wa awali wa 1 kwa 10. Wajadili kwa nini kundi moja laweza kuipoteza rangi hiyo kabisa na jingine kuizidisha.

Maswali

1. Mbebaji amepandishwa na mgonjwa. Ni sehemu gani ya vitoto itakuwa na ugonjwa?

2. Katika mbari fulani, mbwa mmoja kati ya 400 ana ugonjwa wa jeni fichwa. Tafuta idadi ya wabebaji katika kila mbwa 100, kisha idadi ya wabebaji kwa kila mgonjwa mmoja.

3. Wabebaji wawili wamezaa vitoto vinne. Ni nafasi gani kwamba vyote vinne vitakuwa na afya?

4. Eleza kwa nini ugonjwa unaoanza katika umri mkubwa ni mgumu kuondoa kwa kutazama tu, ukilinganisha na ule unaoanza utotoni.

5. Mzalishaji ana mbari yenye mbwa 60, na kati yao 24 ni wabebaji. Mshauri hatua za kufuata katika vizazi viwili, na utoe sababu za kila hatua.

Majibu ya hesabu: (1) nusu, (2) 9.5 katika kila 100, yaani wabebaji 38 kwa kila mgonjwa; (3) 81/256, au takribani 32 kwa 100.